Malenge ya Shamba la Stoo

Vijana wangu, mwezi uliopita mlinialika kwenye maabara yenu mpya pale Nyeri. Mlinikalisha kiti cha mbele, mkanipa chai ya maziwa, halafu mmoja wenu, binti mwenye miwani, akanionyesha kichupa chenye maji meusi. "Cucu," akaniambia, kama mnavyowaita bibi zenu, "humu kuna chembe za chuma ndogo sana, hata darubini ya shule haizioni. Tukizimwaga kwenye udongo wenye dawa ya wadudu, zinaivunja ile dawa."

Nilifurahi, kusema kweli. Kisha nikauliza mnaenda kuzimwaga wapi. Mkatazamana. Mkaniambia mradi bado unatafuta shamba linalofaa.

Linalofaa! Nilirudi nyumbani nimefura. Mashamba yenye sumu hayatafutwi kama kiwanja cha harusi. Yapo, na yana watu juu yake wanaopanda viazi. Kwa hiyo leo nisikilizeni. Sitaanza mwanzo nikaenda hadi mwisho kama mtu anayesoma hotuba, na nikipandisha sauti mnivumilie. Hasira hii nimeishi nayo tangu miaka ya tisini na sioni sababu ya kuiacha.

Kazi yangu ilikuwa kuchukua udongo. Ndiyo, kazi kamili ya kuajiriwa. Mume wangu alipokuwa akinichumbia, baba yangu alimuuliza mimi hufanya nini, naye akajibu, "Hubeba mchanga wa watu kwa mifuko." Nilizunguka kuanzia mashamba ya chai na kahawa ya Othaya hadi Kieni kwenye upepo, nikitoboa ardhi kwa keekee ndefu ya chuma, nikitia udongo kwenye mifuko, nikiupeleka kupimwa.

Mkubwa wangu wa karibu alikuwa Daktari Gathogo, msomi wa kemia ya udongo. Jina hilo la daktari lilimtesa. Tukisimamisha gari sokoni Othaya, akina mama walimletea watoto wenye kikohozi, naye hakuwa na moyo wa kuwafukuza. Alikuwa akiwaambia, "Mimi natibu shamba, mama, lakini huyu mtoto mpeleke hospitali leo, si kesho." Kisha anampa mtoto ndizi.

Yeye ndiye aliyenifunza kwamba kosa dogo la mfuko linaweza kumharibia mtu jina. Siku moja mifuko yetu safi iliisha, na dereva wetu, kwa nia njema kabisa, akaenda kuomba mingine kwenye duka la agroveti. Alipewa bure, tena kwa tabasamu. Matokeo yalipotoka, shamba la kanisa fulani kule Othaya lilionekana lina sumu kuliko ghala la dawa. Mchungaji alikaribia kuhamisha shule ya Jumapili. Kumbe mifuko yenyewe ilikuwa imekaa rafu moja na dawa za kunyunyizia mimea. Tulirudi kuomba msamaha na kuchukua udongo upya. Basi tangu siku hiyo: mfuko mpya, keekee inaoshwa kila shimo, jina linaandikwa kwa penseli, karatasi moja ndani na nyingine nje. Na kabla ya kugusa mahali panaposhukiwa, chukua udongo wa mahali ambapo hapajaguswa, ili uwe na cha kulinganisha. Na pua si kipimo. Kuna sumu inayonuka na kuna sumu iliyonyamaza.

Sasa nifike kwa Mama Njeri.

Alikuja kwenye kituo chetu cha kupima udongo asubuhi moja, mwanamke mwembamba, mjane, kiondo mgongoni. Hakuketi. Alitoa kuku aliyekufa kwenye kiondo, akamweka juu ya meza ya Daktari, juu kabisa ya karatasi zake.

"Huyu ni wa mwisho," akasema. "Wengine walikwisha. Mbwa naye alikufa. Ng'ombe alitupa ndama kabla ya siku zake. Watu wanasema niko na thahu, ati nitakaswe. Nimetakaswa mara mbili na kuku bado wanakufa. Nataka mniambie kama laana inaweza kukaa kwa mchanga."

Wale mliokulia mjini, thahu ni ule uchafu wa laana ambao wazee wetu waliamini humfuata mtu hadi atakaswe kwa kafara. Mama wa watu alikuwa ametengwa. Majirani walikuwa wameacha hata kumwazima moto.

Daktari alimtazama yule kuku, akamtazama Mama Njeri. "Shamba lako liko wapi?"

"Kule ng'ambo ya Endarasha. Pale wanaita shamba la stoo."

Tuliondoka naye papo hapo. Zamani eneo lile lote lilikuwa la mzungu mmoja mwenye ngano na ng'ombe. Alipoondoka, watu wakaungana wakalinunua, kisha likagawanywa kwa kura. Kila mwanachama alichovya mkono kwenye kofia akatoa karatasi yenye nambari ya kipande chake. Mama Njeri alipofika mbele, kofia ilikuwa na karatasi moja tu.

"Nilikuwa naitwa mwisho kila mara," akatuambia. "Wenzangu walikuja na mabwana zao. Mimi nilikuja na mtoto mgongoni. Chairman akaniambia, mama, Mungu amekuchagulia."

Mungu! Mtaona ni nani aliyechagua.

Kwenye kipande chake kulikuwa na sakafu ya saruji peke yake. Kuta zilikuwa zimebomolewa, watu wakabeba mawe wakajengea. Ilikuwa stoo ya dawa za yule mzungu: za kuogeshea ng'ombe, za ngano, na mikebe ya DDT ambayo serikali ilikuwa imeshakataza isitumiwe mashambani. Nyuma ya sakafu palikuwa na shimo lililofukiwa ovyo. Nilipiga keekee mara moja, ikatoka na unga wa kijivu na kipande cha gunia. Na juu ya shimo hilo, kwa kuwa ardhi yake ilikuwa laini kulima, Mama Njeri alikuwa amepanda sukuma wiki. Maji ya kunywa alikuwa akiyahifadhi kwenye pipa la bluu aliloliokota palepale.

Nilimwambia alimwage. Alinitazama, akauliza polepole, "Njeri amekunywa hapo tangu aachishwe ziwa. Nimemfanya nini?"

Nilimwambia tu kwamba hajafanya neno, amefanyiwa.

Matokeo yalipotoka, Daktari aliniita niyasome kwa sauti, kwa maana alidhani macho yanamdanganya. Tuliyapeleka kwanza kwa mkubwa wa kituo. Mkubwa aliyasoma, akafunga dirisha, akasema, "Ripoti ni nzuri. Lakini hapa mlipoandika sumu, andikeni mabaki." Mabaki! Kama mabaki ya ugali. Vijana, mtakutana na watu wa namna hii, wanaodhani neno likilainishwa na udongo utalainika. Daktari aliacha neno lake vilevile. Hilo lilimgharimu baadaye, nitawaambia.

Kisha tukaenda kwa Chairman wa kamati ya ardhi, Bwana Ndirangu, mtu wa koti na kofia, anayecheka kabla hujamaliza salamu. Tulipomweleza, kicheko kikaisha.

"Nani amewatuma? Mkisema udongo ya hapa iko na sumu, nani atanunua viazi yetu? Mtaua watu na njaa."

"Hatusemi eneo lote," Daktari akamwambia. "Ni kile kipande. Tunaomba mama apewe kingine."

"Mambo ya kura imeisha. Na hiyo sumu, kama iko, si yangu. Mzungu alienda, na hakuacha anwani."

"Lakini wazee wanasema wewe ndiye uliyekuwa karani wake wa stoo. Ulikuwa na ufunguo."

Ndirangu alinyanyuka. "Mimi nilikuwa mtu wa kuandika tu. Sikujua ni nini ilikuwa ndani." Akatufungulia mlango tutoke.

Basi tukaanza kazi kwa tulichokuwa nacho. Mlipokuwa mkinieleza habari za chembe zenu nilitabasamu, kwa sababu Daktari Gathogo alikuwa amesoma habari za chuma tangu wakati ule. Chuma kikishika kutu ndani ya udongo wenye maji, huinyang'anya dawa kama DDT klorini yake, na dawa ikipoteza klorini huanza kuvunjika. Ila chuma chetu kilikuwa vumbi la kawaida, tulilofagia chini ya mashine za mafundi wa jua kali mjini Nyeri. Fundi mmoja aliniuliza, "Madam, hii utapika nayo nini?" Nikamjibu, "Napika shamba." Alinionea huruma, akaniongezea debe.

Kadiri chuma kilivyo chembamba ndivyo kinavyofanya kazi haraka. Sukari guru na sukari ya kawaida, ipi huyeyuka kwanza kwenye chai? Kwa hiyo tulichekecha. Chekeche la unga lilipitisha vipande vikubwa mno, ikabidi nitoe soksi zangu ndefu za kuendea kanisani. Hapo ndipo tulipopata vumbi laini kama poda. Nyinyi mmefika mbali kuliko soksi, na nawapongeza.

Ule udongo mbaya wa shimoni tuliuchimba tukiwa na glavu na vitambaa puani, tukautandaza juu ya ile sakafu ya saruji, tukauchanganya na vumbi la chuma na samadi, tukaumwagia maji, tukaufunika kwa karatasi ya nailoni. Usikauke, hiyo ndiyo siri. Ukikauka, kazi imelala. Mara ya kwanza tuliuacha ukakauka kwa upepo wa Kieni, tukapoteza msimu mzima.

Sehemu iliyobaki, ambayo sumu ilikuwa imesambaa kidogokidogo, tulipanda malenge. Msicheke. Kuna malenge ambayo mizizi yake huivuta DDT kutoka udongoni na kuipandisha hadi kwenye shina na majani. Tulijaribu aina mbili, mbegu za kienyeji za Mama Njeri, na nyingine alizozipata Daktari kwa mkulima wa Nanyuki. Za kienyeji zilivuta kiduchu. Hizo nyingine zilivuta kama mtu anayekunywa uji kwa mrija. Kwa hiyo usiniambie "tutapanda malenge." Niambie malenge gani.

Akina mama wa kanisa walimwazima Mama Njeri kipande cha shamba lao alime chakula. Walipoona barua ya vipimo na kusikia maelezo ya Daktari, ile habari ya thahu ilianza kufifia, mmoja akamletea hata kuku. Yeye aliyatunza yale malenge kama yai, ingawa alijua hataonja hata jani. Na mnajua sisi na majani ya malenge! Bila hayo mukimo, vile viazi na mahindi yetu ya kupondwa, hauna rangi. Alikuwa akipita kati ya yale majani makubwa ya kijani akitikisa kichwa. "Hii ni kama kulea mtoto wa kuiba," aliniambia.

Yalinawiri ajabu. Na hapo ndipo balaa ilipoingia.

Jumamosi tuliyopanga kuvuna, mimi na Daktari tulifika asubuhi na magunia. Waya wa ua ulikuwa umekatwa. Malenge yote hayapo. Majani yamechumwa, mashina yamelala wazi kama kamba. Jirani akatuambia bila kujua uzito wa alilosema, "Vijana wa Chairman walibeba na mkokoteni. Ni ya harambee ya shule."

Mama Njeri alijifunga lesso kiunoni akaanza kukimbia, sisi nyuma yake.

Uwanjani pa shule ya msingi hema zilikuwa zimesimamishwa, watu wamejaa, mgeni wa heshima bado yuko njiani. Malenge yetu yalikuwa yamepangwa mezani mbele ya jukwaa. Nyuma ya madarasa sufuria zilikuwa zinafuka mvuke, akina mama wakiponda mukimo wa kijani kibichi. Nikakimbilia jikoni nikapiga kelele kwamba hakuna mtu kuonja, ni majani ya shamba la stoo. Miiko ikasimama. Daktari alikwenda kwa Ndirangu akamnong'oneza kwa adabu.

Ndirangu akachukua kipaza sauti.

"Wananchi! Mnaona hawa wasomi? Walituambia ati udongo yetu iko na sumu. Sasa tazameni hii malenge. Sumu inaweza kuzaa kitu kama hii?"

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Hapo nikaelewa. Hakuyaiba kwa njaa. Aliyaleta yawe ushahidi, kijiji kiyale kwa furaha, na neno letu lifie hapo.

Nataka mnielewe vizuri. Sahani moja ya mukimo ule isingemwangusha mtu siku hiyo. Ubaya wa dawa hizi ni kwamba haziangushi. Zinakaa kwenye mafuta ya mwili, zinaongezeka, zinaingia kwenye maziwa ya mama. Ndiyo maana mwongo anaweza kusimama juu ya jukwaa na asiumbuliwe mchana huohuo.

Lakini Mama Njeri alikuwa ametoka jikoni na sahani, mukimo ukitoa moshi. Alipita katikati ya watu hadi mbele.

"Chairman," akasema, "wewe ndiye mwenye shughuli. Fungua chakula."

"Tungoje mgeni, mama."

"Mgeni akute umeonja. Ni malenge yangu, wacha nikuheshimu nayo."

Ndirangu akacheka. "Madaktari wamenikataza. Niko na vidonda ya tumbo."

"Na jana ulikuwa kule sokoni Chaka na nyama choma na pilipili!" sauti ikatoka nyuma. Watu wakaangua kicheko, safari hii si kwa upande wake.

Mama Njeri hakucheka. Aligeuka. Kwenye safu ya kwanza ameketi mke wa mtoto wa Ndirangu, msichana mpole, ananyonyesha. Alimnyooshea sahani. "Basi wewe, mama mtoto. Unanyonyesha, unahitaji nguvu."

Daktari aliruka kumzuia. Mimi nilikuwa mbali, nilibaki na mkono mdomoni. Msichana, kwa adabu aliyolelewa nayo, alinyoosha mkono apokee.

"Wacha!" Ndirangu aliitupa ile sahani kwa kofi. Mukimo ukaruka ukatua kwenye viatu vya mwalimu mkuu. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake, kwa hiyo uwanja mzima ulisikia alichosema papo hapo, kwa sauti ya mtu aliyeshtuka: "Hiyo si ya mtu anayenyonyesha!"



Mama Njeri alimtazama. "Kumbe unajua," akasema. "Siku ya kofia ulikuwa unajua. Mimi pia nilikuwa nanyonyesha."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Akina mama waliinuka mmoja mmoja, wakaenda jikoni, wakainamisha sufuria zote. Tuliukusanya ule mukimo kwa magunia pamoja na malenge. Mgeni wa heshima alipofika alikuta watu wanakula mkate na soda, na hakuna aliyetaka kumweleza.

Sasa mtataka kusikia kwamba haki ilitendeka. Kamati ilimpa Mama Njeri kipande kingine karibu na kanisa, kwa sababu wale akina mama walikataa kutoka ofisini hadi apewe. Hilo tu. Ndirangu hakushtakiwa. Uchaguzi uliofuata alisimama tena na wakamchagua tena, ati anajua kuongea na wakubwa. Mzungu wa stoo hakuulizwa na mtu. Aliyeadhibiwa ni Daktari Gathogo, aliyehamishiwa sehemu kame mbali kabisa, ambako hapakuwa na maabara wala udongo wa kupimwa. Tulivuna malenge misimu michache zaidi. Vipimo vilikuwa vinashuka, polepole, na ule udongo wa kwenye saruji ulikuwa umepungua sumu kwa namna iliyonipa matumaini. Kisha mkubwa wa kituo akasema mradi umekwisha.

Na malenge yaliyovunwa? Hapo ndipo nawataka mkae wima. Mmea hauli DDT, huihamisha. Huwezi kuutupa, huwezi kuuchoma jikoni, huwezi kumpa ng'ombe. Tuliyakausha tukayafungia kwenye mapipa ya chuma, tukaomba yapelekwe mahali penye tanuri linalofaa. Tuliomba hadi nikastaafu. Mapipa yalikuwa bado pale kituoni, yamegeuzwa meza ya kuwekea chai. Atakayekuja kwenu na mmea unaosafisha udongo, muulizeni swali hilo kabla hajafungua mbegu: ukishavuta, unaupeleka wapi? Na ninyi wa chembe za chuma, muulizane: dawa ikivunjika, imevunjika kuwa nini?

Mwaka jana Mama Njeri alinipigia simu. Sisi wote ni wazee sasa, yeye magoti, mimi mgongo. Akaniambia shamba la stoo limekatwa viwanja, kuna bango barabarani, wanauzia watu wa kutoka Nairobi wajenge nyumba na kupanda mboga. Familia ya Ndirangu haimo, naye mwenyewe ni marehemu. Muuzaji ni kijana asiyejua chochote, au anasema hajui.

Tulikwenda kwa chifu, tukaambiwa tulete vipimo vipya. Tulikwenda ofisi ya ardhi, tukaambiwa ni mali ya mtu binafsi. Basi Jumamosi tukabeba viti vya plastiki na chupa ya chai, tukaketi langoni pa shamba lile, chini ya bango.

Gari la kwanza lilikuwa la kijana na mkewe, tumbo la mke likiwa kubwa. Alishusha kioo. "Cucu, shikamooni. Hapa ndipo kuna viwanja?"

"Ndipo," Mama Njeri akajibu. "Zima gari kwanza, mwanangu. Nilipewa hii shamba na watu waliojua. Wewe nataka ujue kabla."

Kijana akazima gari. Mkewe akashuka, nikampa kiti changu, na Mama Njeri akaanza kumweleza habari za kuku.